Ndoano ya Nyuma

Wanaosema kwamba Mbelu alishika chuma akiwa kwenye mkeka wa ujane wanasema kweli. Nilikuwepo, niliona. Lakini wakishasema hivyo wananyamaza, wanatikisa kichwa, wanakuachia wewe umalizie mwenyewe kwamba yule ni mwanamke asiye na moyo. Hapo ndipo mimi napandwa na hasira. Mdomo ukianza kusema, basi useme mpaka mwisho. Nao hawasemi. Nitasema mimi.

Naitwa Mwila. Nauza samaki wakavu katika soko la Kamina, na parsela yangu, yaani kiwanja changu, imepakana na ya Mbelu, nyuma ya stesheni, tunagawana ua wa matete. Kila asubuhi, kabla sijafungua macho vizuri, nasikia nyundo yake: ko, ko, ko. Anaponda kijiko. Mji mzima unamjua kwa jina la Mama Vijiko, na wavuvi wa Kinkondja, kule ziwani Kisale, hawamjui kwa jina jingine.

Kazi yake ni hii. Anachukua vijiko vya kulia chakula, vile vya chuma cheupe kisichoshika kutu. Anakata mpini, anaponda tumbo la kijiko mpaka lipinde upande mmoja, anatoboa tundu mbele na tundu nyuma, kisha anasugua kwa majivu mpaka king'ae. Mvuvi akikivuta nyuma ya pirogi ya moteri, mtumbwi wenye injini, kinayumba ndani ya maji kama kisamaki kilichoumia. Mpaka hapo hata mtu mwingine anaweza. Ufundi wa Mbelu uko katika kuvipanga. Anafunga vijiko vitano kwenye kamba moja ya nailoni, kimoja nyuma ya kingine, na kati yao anaweka ushanga na waya ili kamba isijisokote. Vile vya mbele havina ndoano kabisa, kazi yao ni kukimbia tu. Mbenga, yule samaki mwenye meno ya kutisha, akiona ukoo mzima wa visamaki unakimbia, hasira inampanda, anaufuata, anamla aliyebaki nyuma. Na huyo wa nyuma, peke yake, ndiye mwenye ndoano.

Wavuvi walimsumbua sana juu ya jambo hilo. Mama Vijiko, weka ndoano kwa vyote, tukamate watano mara moja! Alikuwa akikataa bila hata kuinua kichwa.

"Mbenga akiruka mu pirogi na ndoano tano," alikuwa akiwaambia, "moja iko mu kinywa yake, nne inatafuta mikono yako."

Aliihofia sana mikono ya watu isiumie. Lazima nieleze ilitoka wapi hofu hiyo, na hapo itabidi nirudi nyuma kidogo.

Mbelu ni mtoto wa Kasai aliyezaliwa Likasi. Baba yake alikuwa fundi wa mashine. Wakati ule wa tisini na mbili kwenda tisini na tatu, Wakasai walipofukuzwa na wenyeji wa huku, nao walipanda treni pamoja na maelfu ya wengine, na kisanduku cha vyombo vya baba, na sufuria, na Mbelu mdogo mgongoni kwa mama yake. Baba alikuwa mgonjwa walipopanda. Alifia njiani. Treni ilisimama mahali fulani katika majani, wanaume wakamteremsha, wakachimba kando ya reli haraka haraka, injini inapiga honi. Mama yake alimziba Mbelu macho kwa kitenge. Walipofika Kamina, mama hakuwa na nguvu ya kuendelea tena, wakashuka hapo, wakabaki mpaka leo. Kwa hiyo Mbelu hajui kaburi la baba yake liko wapi. Kila akipanda treni anatazama majani upande mmoja, halafu upande wa pili, na hakuna alama. Mara moja tu aliniambia, "Dada Mwila, pengine nimepita juu yake."

Kutoka katika kile kisanduku cha baba alibaki na pensi, ile ya kushikia na kukatia waya, yenye mpini uliofungwa mpira. Mama yake alikuwa anaziba masufuria yaliyotoboka, naye Mbelu alikua na pensi mkononi.

Siku alipoonana na Stanislas nilikuwepo pia, maana ndiye aliyekuwa akiniletea samaki. Stanislas Kayembe, mvuvi wa Kinkondja, mrefu, mwenye maneno mengi, mchekeshaji. Alikuwa anateremsha mzigo kwenye lori pale sokoni, kamba yake ya uvuvi ikiwa imefungwa juu ya kikapu, ndoano ikamwingia kwenye gumba la kushoto, ikazama yote. Jamani, kelele! Mtu anayepambana na mbenga alilia kama mtoto mchanga. Wanaume wakamkamata mabega, mmoja ameshika ndoano anataka kuivuta.

"Acha!" Mbelu akasema, akisukuma watu. "Mutamupasula."

"Weye nani?" wakamuuliza.

"Minyi muntu iko na pensi."

Watu wakacheka, lakini wakampisha. Mimi nikaambiwa nimshikilie mkono asiuvute. Ndoano, kama hujui, ina kijino karibu na ncha, kinachoizuia isirudi ilikoingilia. Ukivuta, inatoka na nyama. Mbelu hakuvuta. Aliisukuma mbele, taratibu, mpaka ncha ikatokea upande wa pili wa ngozi. Akakata kile kijino kwa pensi, tak, kikaanguka. Ndipo akairudisha ndoano nyuma, laini, kama uzi unaotoka kwenye nguo. Wakati wote alikuwa anamwambia kwa sauti ya chini, "Vumilia kidogo. Sivute. Nakata kwanza."

"Bado?" Stanislas akauliza, macho ameyafumba.

"Imeisha zamani. Njo weye tu unaendelea kulia."

Nikawaambia wenzangu pale pale kwamba hapa kuna ndoa. Hawakuniamini. Kisha Mbelu akakichukua kijiko cha dukani kilichokuwa kwenye ile ndoano, akakigeuza, akasema ni kibaya, hakiwezi kuyumba. Stanislas akamwambia, basi tengeneza kizuri. Akatengeneza. Mwezi uliofuata Stanislas alirudi na mbenga wa kimo cha mtoto wa shule, amembeba begani kupita soko zima, hataki kumuuza, anataka kwanza Mama Vijiko amwone. Jina hilo ni yeye aliyempa.

Ndoa haikuwa rahisi. Upande wa Stanislas walisema, wasichana wa kwetu wamekwisha mpaka uoe Mukasai? Mama yake Mbelu naye alisema, hao njo walitufukuza, ndio hao hao. Nilimjibu mama yule mbele ya watu kwamba Stanislas wakati ule alikuwa mtoto anayekojoa kitandani, alimfukuza nani? Alininunia miezi. Lakini walioana, kwa padri, na wakapata watoto wawili. Stanislas alikaa ziwani, Mbelu alikaa Kamina na vijiko vyake, na kila alipokuja na samaki, ile nyundo ilinyamaza kwa siku kadhaa nami nililala mpaka jua lipande. Namshukuru kwa hilo.

Mwaka jana, katika mvua, simu ililia. Alikuwa Jérémy, kijana aliyevua pamoja na Stanislas. Walikuwa wanavuta vijiko kando ya mafunjo, pale Kisale ambapo mafunjo yanaelea kama kisiwa na chini yake ni maji matupu. Upepo ukaja na mvua, pirogi ikapinduka. Jérémy alishika mafunjo. Stanislas aliingia chini yake, na hakutokea.

Tulipanda pikipiki mbili siku ile ile, watoto tukawaacha kwa bibi yao. Njia nzima ya matope Mbelu hakulia. Alikuwa amekumbatia mfuko. Nilidhani ni nguo.

Kinkondja walitupokea kwa vilio, na Mbelu akakalishwa kwenye mkeka katika nyumba ya mama mkwe wake, Mama Mianda. Katika ukoo ule mjane akishakaa hatoki, na mkeka hauachwi wazi, mpaka mume aonekane au azikwe. Miguu ameinyoosha, mikono juu ya mapaja, viganja vitupu. Hapiki, hafui, na zaidi ya yote hashiki chuma. Wanasema mjane akishika chuma anamchoma marehemu njiani. Nami sikupinga, mila ni ya watu.

Wanaume walimtafuta kwa miti mirefu, wakichokoa chini ya mafunjo. Hakuna. Mafunjo ni mapana, na mti haufiki popote. Siku ya pili jioni walirudi wamechoka, na Kapenda, kaka mkubwa wa marehemu, akaja kusimama mlangoni. Akasema kesho kutwa watazika. Kama mwili haupatikani, watachukua shina la mgomba, watalivika shati la Stanislas, watalifunga kwenye sanda na kulizika, ili matanga yafungwe na watu warudi kazini. Njo desturi, akasema. Wazee walishakubali.

Mbelu akainua uso.

"Minyi sitazika muti ya ndizi," akasema.

"Mama, maji imekataa. Tutafanya namna gani?"

"Baba yangu banamuacha kando ya reli, sijue wapi. Batoto yangu nabo bataniuliza baba iko wapi. Nitabaonyesha nini? Ndizi?" Akauvuta mfuko wake karibu. "Nipeni siku ya kesho. Nitatengeneza kamba. Pirogi ya moteri itaivuta chini ya mafunjo, sawa tunavuta vijiko. Minyi najua kuishusha kamba. Miti yenu haifike."

Kisha akafungua ule mfuko. Ndani hakukuwa na nguo. Kulikuwa na nailoni, risasi za kuzamishia kamba, ndoano kubwa za mbenga, na pensi ya baba yake. Akaishika.

Nyumba ikalipuka. Wanawake walisimama, mmoja akafunika uso. Kashika chuma! Anamchoma! Kapenda akaanza kusema kwamba wao walijua tangu zamani, mwanamke asiye wa kwao hawezi kumlilia mume vizuri. Hapo sikuvumilia. Nikamwambia, weye Kapenda, funga kinywa, mtu aliye ndani ya maji ni mume wake. Akaniambia nitoke. Nikamwambia anitoe.

Tukasikia Mama Mianda anakohoa. Mzee yule alikuwa kwenye kona tangu asubuhi, hajala. Akajivuta kwa makalio mpaka kwenye mkeka. Akamsukuma Mbelu kwa kiwiko, polepole, kumtoa pale alipokaa. Akanyoosha miguu yake mwenyewe, akaweka mikono juu ya mapaja, viganja juu.

"Mukeka haikuwe wazi," akasema. "Niko hapa. Weye, enda kufanya kazi."

Kapenda akatoka mlangoni, akampisha.

Asubuhi Mbelu alikaa uani, nami nikamshikia kamba. Alifunga risasi mbele ili kamba izame, na nyuma yake ndoano tano, moja baada ya nyingine. Hakufunga kijiko hata kimoja. Nilipomuuliza aliniambia, "Ya nini? Stani haitaji kuitwa na kitu ya kung'aa." Lakini nikaona anachukua jiwe, anazisugua ncha zile ndoano zote mpaka zikawa butu, na vile vijino akavilaza kwa pensi. Alitaka zishike nguo tu. Hakutaka zimguse mwili. Nilimuelewa, nikaendelea kumshikia kamba.

Jérémy akaondoka na moteri, pamoja na Kapenda. Walirudi jua likiwa kichwani, na Jérémy alikuwa analia.

"Tulimupata, Mama Vijiko," akasema. "Kamba ikakuwa nzito. Akakuja, akakuja, minyi nikaona shati. Ndoano ikaachia."

Kapenda alizitupa zile ndoano chini, miguuni mwa Mbelu. Akapiga kelele kwamba hii si kazi, huu ni mchezo, ndoano bila meno inakamata nini! Na safari hii, nisiseme uongo, alikuwa na haki. Macho yake yalikuwa mekundu. Ni ndugu yake aliyemwona akija na kurudi chini.

Mbelu alikaa anazitazama zile ndoano. Akasema kwa sauti ndogo kwamba hawezi. Mwenye kutaka kumtia chuma Stani na amtie, yeye hawezi. Basi, wacha wazike huo mgomba.

Mama Mianda alitusikia kutoka ndani. Hakutoka kwenye mkeka. Akaita kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

"Mbelu! Weka meno."

"Mama, itamuumiza."

"Minyi njo nilimuzala. Minyi njo nasema. Weka meno, mwanangu, umulete."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita mwanangu. Mbelu alilia hapo, kwa mara ya kwanza tangu simu ile, alilia kwa sauti mpaka majirani wakaja uani. Tukamwacha alie. Kisha akajipangusa kwa kitenge, akachukua kamba, akakata ndoano zote tano. Akatafuta ndoano mpya mfukoni, moja. Akainoa. Akaijaribu juu ya ukucha wake, kama ikiteleza anainoa tena, mpaka ikashika. Akaifunga nyuma kabisa, mahali pale pale anapoifunga siku zote.

"Moja?" Kapenda akauliza, lakini safari hii bila ukali.

"Tano itamupasula. Moja inatosha. Enda polepole pa kona ile ile. Ukisikia uzito, usivute na moteri. Uvute na mkono."

Kapenda akaitikia. Yeye mwenyewe alikaa nyuma ya pirogi na kamba mkononi, Jérémy akaendesha.

Walimleta alasiri. Tuliwaona wakija bila moteri, wanapiga kafi, tukajua. Sitaeleza uso wake, waliufunika kwa kitenge, na wewe ukiwa mtu mzima hutauliza. Walimlaza uani juu ya turubai. Wanawake walianza kulia, na Mama Mianda alitolewa ndani, wanawake wawili wamemshika. Mkeka sasa ungeweza kubaki wazi.

Ndoano ilikuwa imeshika kwenye mkono wake wa kuume, katika nyama ile nene chini ya gumba. Si kidole kile cha kwanza, msije mkanifanya mwongo, kile kilikuwa cha kushoto. Kapenda alichutama na kisu. Akasema ataitoa haraka, ili wamwoshe, maana jua linashuka. Mzee mmoja akamwambia avute tu. Maiti hasikii kitu.

"Muache," Mbelu akasema.

Akapiga magoti juu ya turubai. Akatoa pensi ya baba yake, mbele ya ukoo mzima, na hakuna aliyethubutu kusema habari ya chuma. Akauchukua mkono ule, akauweka juu ya paja lake. Hakuvuta. Aliisukuma ndoano mbele, taratibu, kidogo, akingoja, kidogo tena, mpaka ncha ikatokea upande wa pili.

"Vumilia kidogo, Stani," akamwambia. "Sivute. Nakata kwanza."

Nilitaka kusogea, maana siku ile sokoni ni mimi niliyeshika mkono. Lakini Mama Mianda alikuwa ameshafika. Alikuwa amekaa chini upande wa pili wa mwanawe, na amekishika kifundo cha mkono ule kwa mikono yake yote miwili.

Pensi ikalia, tak. Kijino kikaanguka juu ya turubai. Mbelu akairudisha ndoano nyuma, laini, bila kuchana hata uzi wa ngozi. Akaishika mkononi akaitazama.

"Imeisha," akasema. "Imeisha zamani."

Kisha akamwambia mama mkwe wake kwamba sasa anaweza kuuachia mkono. Mama Mianda hakumsikia. Alikuwa bado ameushikilia mkono wa mwanawe kwa nguvu zake zote, asije akauvuta akaumia.